Bata Bukini Wasiokuwamo Kitabuni

Mtu anunuaye kitabu cha ndege wa Ulaya, akakifungua penye habari za bata bukini, hukuta safu ya viumbe waliopangwa kwa adabu, kila mmoja na rangi yake, mdomo wake na miguu yake, asiyefanana na jirani yake illa kwa udugu wa mbali. Na akishakifunga kitabu hicho, akaenda kando ya ziwa la bustani yo yote ya mjini Uingereza, Uholanzi au Ujerumani, aghalabu hukabiliwa na kundi lenye ndege ambao hawakupata kuchorwa humo. Yupo mweupe pepe ambaye tumbo lake karibu liguse majani. Yupo wa kijivu mwenye mabaka meupe yaliyotapakaa shingoni bila ya mpango. Yupo mwenye kichwa cheusi cha bukini wa Kanada, walakini mashavu yake yamejaa vidoadoa, na miguu yake, ambayo ingalipasa kuwa myeusi, ina rangi ya chungwa iliyofifia. Mwanafunzi aliye mgeni katika elimu hii huelekea kosa moja kati ya mawili: ama hudhani ameona ndege adimu aliyepotea njia kutoka upande wa pili wa dunia, akaiandika habari hiyo kwa furaha kubwa, ama huwadharau wote kuwa ni takataka za mashambani, akaigeuzia darubini yake kwingine. Makosa yote mawili yaepukika, kwa kuwa ndege hawa husomeka, tena kwa kanuni chache, maadamu msomaji ameanza na umbo, akaijia rangi baadaye, na nyuma ya vyote viwili akauliza nasaba.

Nasaba yenyewe si ngumu. Bata bukini wote wafugwao duniani, pamoja na wingi wa majina waliyopewa na wafugaji, wametoka katika mashina mawili tu. Shina la kwanza ni bukini wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Anser anser, ndege wa mwitu mwenye uzito wa kilo 3 au 4, mdomo wake ukiwa wa rangi ya chungwa kwa yule wa magharibi na wa waridi kwa yule wa mashariki, naye akiruka huonyesha sehemu ya mbele ya mbawa zake iliyo ya kijivu cheupe, dhahiri hata kwa mbali. Shina la pili ni Anser cygnoides, bukini wa nyika za Mongolia, kaskazini ya China na pembe ya mashariki ya Urusi, mwenye mdomo mrefu mweusi, na shingo iliyogawanyika rangi mbili kwa mpaka ulionyooka, nyuma hudhurungi iliyokoza na mbele weupe wa maziwa. Katika shina la kwanza wametoka bukini wa Emden wa Ujerumani, weupe watupu, na bukini wa Toulouse wa Ufaransa, wa kijivu na wazito, na jamii nyingi nyingine za Ulaya. Katika la pili wametoka bukini wa Kichina, na pamoja nao wale wakubwa waitwao wa Afrika, waliopewa jina wasilostahili, kwani bara letu halikuwazaa. Kusini ya Jangwa la Sahara hakuna bukini wa kweli wa mwitu mwenye mazalio. Kwa hiyo msomaji wa Mombasa au wa Morogoro aliyezoea kumwona bukini akilinda ua wa jirani, akimtisha kila mgeni kwa kunyoosha shingo na kupiga makelele, amekuwa akimtazama mtoto wa mojawapo ya mashina haya, au wa yote mawili, na ua ule waweza kuwa madrasa yake ya kwanza.

Kwamba mashina mawili haya huchanganyika, na kwamba watoto wa mchanganyiko huo nao huzaa, lilikuwa ni jambo zito kwa elimu ya karne ya 19, maana wengi wakati ule waliitakidi kwamba mpaka baina ya jinsi na jinsi umewekwa imara tangu azali, na kwamba ushahidi wa mpaka huo ni utasa wa mahuluti. Charles Darwin, katika kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilichotoka mwaka 1859, alimtaja bwana mmoja, Eyton, aliyepata mahuluti wawili wa bukini wa kawaida na bukini wa Kichina, ndugu wa baba na mama wamoja lakini walioanguliwa nyakati mbalimbali, akawaoza hao ndugu, na katika kiota kimoja akapata wajukuu wanane. Alitaja vile vile habari zilizotoka Bara Hindi, kwamba huko makundi mazima ya mahuluti wa namna hii yalifugwa kwa faida, ilhali hakuna hata mmoja wa wazazi safi aliyekuwako, jambo lisilowezekana lau wangalikuwa tasa. Walakini Darwin hakuwa mtu wa kutosheka na habari za kusimuliwa. Kasisi mmoja, Goodacre, alipompa kaka na dada wa mchanganyiko huo, aliwazalisha mwenyewe, na mwezi wa Januari 1880, akiwa mzee wa miaka 70 ambaye jina lake lilikwisha enea duniani na ambaye hakuna aliyemlazimisha kujishughulisha na mayai ya bata, alichapisha katika jarida la Nature maelezo mafupi kuthibitisha kuwa mahuluti hao wana uzazi. Napendezwa na habari hii kupita nyingi nyingine katika maisha ya bwana yule. Na kwa mtazama ndege ina natija ya moja kwa moja, nayo ni kwamba damu ya mashina mawili yaweza kukutana katika ndege mmoja kwa kipimo cho chote, nusu kwa nusu, robo, thumni, au chembe iliyobaki katika mstari mmoja wa ukosini.

Tuje sasa kwenye umbo, ambalo ndilo shahidi mwaminifu kuliko wote, kwa sababu mfugaji wa kale hakumfuga bukini ili amtazame rangi, alimfuga kwa nyama, mafuta na manyoya, na katika kumchagulia wazazi, kizazi baada ya kizazi, alimchagulia uzito. Bukini wa Toulouse aliyenona hufika kilo 10 na kuzidi, mara mbili au tatu ya uzito wa babu yake wa mwitu, na uzito huo haukugawanywa sawasawa mwilini, bali umeshuka nyuma, baina ya miguu na mkia, ambako ngozi na mafuta hufanya mifuko inayoning'inia. Bukini wa mwitu asimamapo huuweka mwili wake karibu na ulalo, na sehemu ya nyuma huchongoka kwa wepesi kuelekea mkiani; wa kufugwa huonekana mfano wa jahazi lililopakiwa shehena yote upande wa tezi, omo limeinuka na nyuma imezama. Shingo yake ni nene, miguu yake minene zaidi, mwendo wake ni wa kuyumbayumba, na anapotishwa hukimbia kwanza, akipiga mbawa zisizomwinua. Wale wa Kichina ni wepesi zaidi, na huweza kuruka kidogo, lakini hao nao hufichuliwa na umbo: husimama wima, kifua juu, shingo imeinuka, na mwanzo wa mdomo, penye kipaji, wana nundu ambayo babu yao wa Mongolia hakuwa nayo. Huyo mkubwa aitwaye wa Afrika huongeza ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Hata mahuluti ambaye rangi yake imekaribia mno rangi ya mwitu aghalabu hubaki na uzito wa nyuma. Na kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kuhukumu na atazame kwanza kivuli cha ndege dhidi ya nuru ya maji, kabla rangi haijamzuga.

Rangi nayo ina sababu zake. Mfugaji alimpenda bukini mweupe kwa kuwa vishina vya manyoya vinavyobaki ngozini baada ya kunyonyolewa, vikiwa vyeusi, huuchafua mzoga machoni pa mnunuzi, na vikiwa vyeupe havionekani. Basi weupe, ambao mwituni ni ajali inayomwita adui, uani ukawa ni sifa. Katika bukini wa kale wa mashamba ya Uingereza, na katika jamii ya Marekani iitwayo Pilgrim, kuna jambo la ajabu zaidi, kwamba dume ni mweupe na jike ni wa kijivu, kwa sababu chembe ya urithi ipunguzayo rangi imekaa katika kromosomu ya jinsia: dume, ambaye kwa upande wa ndege ndiye mwenye kromosomu mbili za namna moja, hupokea vipimo viwili vya upungufu huo, na jike hupokea kimoja tu. Asiyejua haya akiona mweupe na wa kijivu wakitembea pamoja na makinda yao huandika kuwa ameshuhudia ndoa ya jinsi mbili, kumbe ameona mume na mke wa kabila moja.

Weupe huleta taabu kubwa zaidi Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa huko wapo bukini weupe wa mwitu, na kwa wingi. Bukini wa theluji azaliwaye katika nchi za Aktiki za Kanada, akishuka kusini siku za baridi, huweza kutua katika shamba lile lile alimotoroka bukini mweupe wa mfugaji. Na wanaowachanganya hawa wawili ni wengi, ilhali alama ya kuwatenga ni moja na haidanganyi: ncha za mbawa. Bukini wa theluji mweupe ana ncha nyeusi kabisa, ambazo hata mbawa zikiwa zimekunjwa huonekana juu ya mkia; wa kufugwa ni mweupe mpaka mwisho wa unyoya wa mwisho. Kisha mdomo wa wa theluji ni wa waridi, na katika kingo zake, pale taya ya juu inapokutana na ya chini, kuna mstari mpana mweusi unaomfanya aonekane kana kwamba anacheka kwa dhihaka. Wa kufugwa ana mdomo wa rangi ya chungwa usio na cheko lo lote. Baada ya hapo ndipo huja mtihani wa wenye macho makali, maana yupo pia bukini wa Ross, mdogo, mwenye shingo fupi na mdomo mfupi wenye rangi ya samawati chakavu kwenye shina, ambaye mazalio yake hayakujulikana kwa wataalamu mpaka mwaka 1938, bwana mmoja, Angus Gavin, alipoyafikia karibu na mto Perry, huko huko Kanada. Naye na bukini wa theluji huoana mwituni, wakazaa watoto wenye kimo cha kati na cheko jembamba. Hapo mkono wa mfugaji haumo kabisa. Mahuluti ni kazi ya maumbile pia, na msomaji asije akafikiri kuwa kila mchanganyiko ni aibu iliyoanzia uani.

Huko Ulaya mtego mashuhuri uko kwenye uso. Bukini wengi wa kufugwa wa shina la kijivu, na watoto wao chotara, wana duara la weupe kuzunguka shina la mdomo, na anayeliona hukimbilia kuwaza bukini wa paji jeupe, mgeni wa kweli kutoka Aktiki, ambaye weupe wa paji ndio alama yake. Miguu haitamsaidia, kwa sababu wa paji jeupe ana miguu ya rangi ya chungwa, na wa kufugwa aghalabu anayo pia, ilhali bukini wa kijivu safi ana miguu ya waridi iliyofifia. Atazame tumbo: wa paji jeupe akiisha balehe ana mistari myeusi mipana iliyokatiza tumboni, ni mdogo wa mwili, na mbawa zake ni nyembamba na ndefu. Vidoa vichache vyeusi tumboni si kitu, maana hata bukini wa kijivu safi huwa navyo.

Akikutana na shingo yenye mstari wa hudhurungi ukosini, usio na mpaka uliokatika bali unaoyeyukia pembeni, na nundu ndogo penye kipaji, na mdomo wenye weusi na uchungwa vilivyogombana bila ya mshindi, mtazamaji na ajue amekutana na wale wale waliomshughulisha Darwin, uzao wa mashina mawili ya kufugwa. Hao ni wengi sana kando ya mito ya Ulaya na mabwawa ya Marekani, wala hawahitaji maneno zaidi.

Anayehitaji maneno zaidi ni mtoto wa bukini wa Kanada na bukini wa kijivu. Bukini wa Kanada hakufika Uingereza kwa mbawa zake. Aliletwa na watu katika karne ya 17, na mfalme Charles II alikuwa naye miongoni mwa ndege wa bustani ya St James's jijini London, kisha mabwana wenye mashamba na maziwa wakamtaka kwa uzuri wake, na katikati ya karne ya 20, wakulima walipolalamika kwamba anakula mazao, watu walimkamata huku na kumhamishia kule, wakidhani wanampunguza, kumbe wanampanda kila mahali kama mbegu. Kwa njia hiyo akakutana na bukini wa kijivu, wa mwitu na wa kufugwa, katika maji ambayo maumbile hayakupata kuwakutanisha. Watoto wao hawafanani hata wakitoka kiota kimoja. Mmoja huwa na kichwa cheusi chenye kidevu cheupe kilichovurugika, mwingine ana uso mzima uliotapakaa weupe na vidoadoa. Mdomo huwa mweusi wenye mabaka ya waridi, au wa waridi wenye kivuli cheusi. Miguu ni ya waridi au ya chungwa, tena chafu. Dalili niipendayo zaidi iko shingoni: manyoya ya shingo ya bukini wa kijivu yamepangika kwa mifereji inayoshuka, inayoonekana wazi jua likimpiga kwa upande, na bukini wa Kanada ana shingo laini, basi shingo nyeusi yenye mifereji imekwisha toa siri ya wazazi wawili. Fauka ya hayo, wawili hawa si ndugu wa karibu, kwani wataalamu huwaweka katika jenasi mbili mbalimbali, na watoto wao kwa kawaida hawaendelezi kizazi. Mtaalamu wa elimu ya urithi, J. B. S. Haldane, alieleza mwaka 1922 kwamba mchanganyiko wa jinsi mbili ukizaa watoto ambao upande mmoja wa jinsia ni dhaifu au tasa, upande huo huwa ni ule wenye kromosomu za jinsia zisizolingana, na kwa ndege upande huo ni majike. Kwa hiyo mahuluti wa Kanada aliye mbele yako aghalabu ni nusu kwa nusu kamili, na wazazi wake wawili wanaweza kutajwa kwa majina, tafauti na wale wa uani ambao hesabu ya damu yao haina mwisho.

Sababu ya ndoa hizi haifichiki sana. Majike ya bukini huwa na tabia ya kutaga katika kiota cha jirani, hata jirani wa jinsi nyingine, na kinda lianguliwapo humshika kuwa mama yule limwonaye kwanza, tabia ambayo Konrad Lorenz wa Austria aliichunguza kwa bukini wa kijivu waliomfuata yeye mwenyewe majanini na majini, na ambayo ilikuwa sehemu ya kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kinda lililolelewa na watu wa kabila jingine, likibalehe, huweza kutafuta mchumba kwa sura ya walezi wake. Ongeza upweke wa ndege mmoja aliyetoroka uani, asiye na mwenzi wa jinsi yake katika ziwa zima, na mambo yamekamilika.

Msomaji wetu akiwa London atakutana pia na uso anaoujua. Yule mwenye duara la hudhurungi kuzunguka jicho, akitembea na makinda yake katika bustani ya Hyde Park, ni bukini wa Misri, yule yule wa Naivasha na Nakuru, aliyechukuliwa na Waingereza tangu zamani kuwa pambo la maziwa yao. Kwa nasaba si bukini wa kweli, wala asihesabiwe miongoni mwa mahuluti kwa sababu tu kitabu cha ndege wa Ulaya kimemweka katika kurasa za mwisho.

Kuhusu tabia nitasema machache, kwa kuwa watu huitegemea kupita kiasi. Ndege anayekula mkate mkononi mwa mtoto pengine ni wa kufugwa, lakini bukini wa mwitu hujifunza mkate upesi. Na aliye mwoga pengine ni wa mwitu, lakini mahuluti aliyezaliwa mbali na watu huwa mwoga vile vile. Weupe wa ghafla nao si hukumu, kwani ndege safi wa mwitu huweza kuzaliwa na upungufu wa rangi katika unyoya mmoja au mbawa nzima. Mwenye unyoya mweupe na umbo jepesi, miguu ya waridi, nyuma iliyochongoka, aachwe katika ukoo wake.

Na uzito wa hukumu yenyewe hutegemea mahali. Katika visiwa vya Outer Hebrides, magharibi ya Scotland, wamebaki bukini wa kijivu ambao ni wenyeji wa asili, waliosalia baada ya mabwawa ya Uingereza ya kusini kukaushwa na jamaa zao kutoweka. Lakini wale wanaoonekana leo mashariki na kusini ya Uingereza, wengi wao ni wajukuu wa mayai na makinda yaliyochukuliwa kaskazini na wawindaji katika karne ya 20 na kuachiwa huko, wakachangamana na watoro wa mashambani. Mtazamaji aliye Norfolk, huko mashariki, akiona baka jeupe shingoni mwa mmoja wao, ataandika "kijivu, ana damu ya kufugwa", kisha ataendelea kuhesabu wenziwe. Aliye South Uist, kimojawapo cha visiwa vile vya magharibi, kando ya ziwa la Druidibeg, akiliona baka hilo hilo juu ya nyuma iliyoshuka, ana sababu ya kuketi chini, kumtazama ndege huyo mpaka jua litue, kuandika ana mwenzi gani na makinda mangapi, na kupeleka habari kwa wanaohusika kabla msimu wa kutaga haujarudi.